Tangi la maziwa la stenlesi linaota kutu kando ya weldi: kosa la fimbo, la fundi au la chuma chenyewe?

Mama_Kopo (Usa River)

Shikamooni wakubwa, na wengine wote habari za kazi.

Kituo chetu cha kukusanyia maziwa kina tangi la lita 500, shiti ya milimita 2, muuzaji alisema ni stenlesi ya daraja la 304. Limechomelewa kwa fimbo (elektrodi) ndani na nje, pakiti iliandikwa E308L. Miguu ni engo ya chuma cheusi, imeshikishwa moja kwa moja kwenye tangi kwa E6013, fimbo ya chuma cheusi. Baada ya kuchomelea, fundi alipitisha grainda na brashi ya waya, tukaanza kulitumia.

Sasa kutu imejitokeza kwa sura tatu. Kuna mstari wa kahawia unaofuata mshono pande zote mbili, kama milimita 3 hadi 5 kutoka kwenye weldi. Kuna madoa madogo yaliyotapakaa ukutani, mbali kabisa na weldi. Na weldi za miguu zimekuwa nyekundu tupu, moja ina ufa.

Kila jioni tunaosha kwa sabuni, kisha tunajaza maji yenye jik, yanalala humo hadi asubuhi. Maji ni ya kisima, na huku miteremko ya Meru floraidi ni nyingi, wapo wanaosema ndiyo inayokula chuma.

Fundi mmoja anasema fimbo haifai kwa stenlesi, lazima TIG (tochi ya tangsteni yenye gesi ya agoni, waya ukiongezwa kwa mkono). Mwingine anasema MIG yake (mashine inayolisha waya yenyewe) ya gesi ya CO2 inatosha na ni rahisi. Tunataka kutengeneza la pili la lita 1,000. Naomba kujua njia ya kuchomelea inachangia kiasi gani, hili la kwanza linaokoleka vipi, na nimwandikie nini fundi wa tangi jipya.

Fundi_Njiro

Habari njema, mama. Umeeleza vizuri, maana hizo sura tatu ni magonjwa matatu tofauti na kila moja lina dawa yake.

Msingi kwanza. Stenlesi haishiki kutu kwa sababu kromiamu iliyomo, ambayo haipungui asilimia 10.5 (kwenye 304 ni kama 18), hujifanyia utando wa oksidi wenye unene wa nanomita chache tu. Utando ukikwaruzwa hujirudia wenyewe palipo na hewa, mradi chuma kilicho chini yake bado kina kromiamu ya kutosha. Kwa hiyo kila ukiona kutu, uliza: hapa kromiamu imepungua, au kuna kitu kigeni kimekaa juu yake?

Mstari wa kando ya mshono una washukiwa wawili. Wa kwanza anatajwa sana: chuma kikikaa kati ya nyuzi 425 na 850 hivi kwa muda, kaboni hukamatana na kromiamu kwenye mipaka ya punje, na ukanda mwembamba kando ya mipaka hiyo hubaki na kromiamu chini ya asilimia 12. Kutu hupenya humo kufuata punje. Ndiyo sababu ya kuwepo 304L, ambayo kaboni yake haizidi asilimia 0.03, wakati 304 ya kawaida inaruhusiwa kufika 0.08. Lakini kwa shiti ya milimita 2 mshukiwa huyu simwamini sana. Shiti nyembamba hupita kwenye joto hilo kwa sekunde chache, na ugonjwa huu huhitaji muda. Huonekana zaidi kwenye pleti nene zenye mikono (tabaka) mingi ya weldi, au mahali palipochomelewa na kurudiwa mara kwa mara.

Mshukiwa wa pili ndiye ninayemwekea mkono: zile rangi zinazobaki baada ya kuchomelea. Njano ya majani makavu, kahawia, zambarau, bluu, hadi nyeusi. Watu huziona pambo. Ni oksidi nene, na kromiamu iliyotumika kuitengeneza imetolewa kwenye ngozi ya chuma iliyo chini yake. Kadiri rangi inavyokuwa nzito, ndivyo ngozi hiyo ilivyo maskini wa kromiamu. Brashi huondoa rangi ya juu na kuacha ngozi maskini palepale, mstari ukarudi.

Kuwatofautisha, sugua sehemu ndogo kwa msasa namba 240 hadi ing'ae, kisha angalia kwa kioo cha kukuzia. Ukikuta chuma kizima chenye vitundu vidogo vya juujuu, ni rangi za joto. Ukikuta nyufa ndogondogo kama mtandao na punje zinazomomonyoka, huo ni ugonjwa wa kaboni, na kipande hicho kinakatwa, hakitibiki kwa kusugua.

Madoa yaliyotapakaa ni chuma cheusi juu ya stenlesi. Brashi ya waya wa kawaida, diski iliyokwisha kukata engo, cheche za grainda ya jirani, hata benchi la chuma ambalo shiti ilikokotwa juu yake. Chembe hizo hushika kutu, na chini ya kila chembe chumvi hujikusanya na kuanza kutoboa.

Miguu ni kosa la fimbo kweli. E6013 haina kromiamu wala nikeli. Ikichanganyika na 304 iliyoyeyuka, hutoka mchanganyiko mgumu unaopasuka kirahisi na wenye kromiamu isiyofika kiwango cha kujilinda. Ufa ulioona unaeleweka. Chuma cheusi kwa stenlesi ni E309L, ambayo imezidishiwa kromiamu na nikeli ili ikichanganyika na chuma cheusi bado ibaki salama.

TochiBaridi (Sombetini)

Nakubaliana na Fundi_Njiro, naongeza upande wa mashine, kwa sababu hapo ndipo watu wanabishana bila hesabu.

Joto linaloingia kwenye chuma ni volti mara ampea mara 60, gawanya kwa mwendo wa milimita kwa dakika, gawanya tena kwa 1,000, kisha zidisha kwa ufanisi wa njia yenyewe: TIG 0.6, fimbo na MIG 0.8. Jibu ni kilojuli kwa milimita. Chukua TIG ya ampea 80, volti 12, mwendo wa milimita 100 kwa dakika: unapata kama 0.35. Fimbo ya 2.5 kwa ampea 75, volti 24, mwendo wa 200: kama 0.43. Hazipishani sana! Lakini fundi wa TIG anayesuasua kwa mwendo wa 40 anafika karibu 0.86, mara mbili ya yule wa fimbo. Kwa hiyo anayesema TIG haina joto anakosea. TIG ina udhibiti, na udhibiti uko mkononi mwa mtu.

Tofauti kubwa ya njia iko kwenye hewa na takataka, na upande wa nyuma wa mshono ndio unaosahaulika.

Fimbo hufunika weldi kwa slagi (gamba la dawa ya fimbo iliyoyeyuka), upande wa mbele unapona kiasi. Nyuma hakuna kinachoilinda: ikipenya hadi upande wa pili, stenlesi hukutana na hewa ikiwa nyekundu na kutoa ukoko mweusi wenye chembechembe na vishimo. Ndani ya tangi la maziwa ukoko huo ni makao ya bakteria na mwanzo wa kutu kwa pamoja. Pia mabaki ya slagi kwenye kona huacha mianya, na ndani ya mwanya oksijeni haifiki vizuri, utando haujirudii. Cheche zinazoruka na alama za kuwashia fimbo pembeni nazo ni vianzio vya kutu, washa ndani ya njia ya mshono tu. Fimbo iliyonyonya unyevu, hasa masika, hutoa vitundu vya gesi. Zikaushwe upya kwenye oveni kadiri pakiti inavyosema, nyingi ni kati ya nyuzi 250 na 350 kwa saa moja au mbili. Kuanika juani si kukausha.

MIG ya CO2 tupu, mama, ikatae kabisa kwa stenlesi. Gesi hiyo huvunjika kwenye moto na kuingiza kaboni ndani ya weldi. Unanunua waya wa 308L wenye kaboni chini ya 0.03 kwa bei ya juu, kisha gesi inaipandisha juu ya kikomo hicho, na uso wa weldi unatoka mweusi. MIG ya stenlesi hutumia agoni yenye CO2 asilimia 2 tu, au oksijeni asilimia 1 hadi 2. Hata hivyo kwa shiti ya milimita 2 ndani ya chombo cha chakula, nisingeichagua: inaruka cheche na uso wake unahitaji kusagwa sana.

Kwa tangi lako jipya iwe TIG, mkondo wa moja kwa moja na tochi kwenye hasi, ampea 60 hadi 90, tangsteni ya 1.6 au 2.4, waya wa kujazia ER308L wa 1.6. Agoni safi, lita 8 hadi 10 kwa dakika. Ukizidisha sana gesi inachafuka, inavuta hewa ndani. Baada ya kuzima, tochi ibaki juu ya weldi sekunde 5 hadi 10 gesi ikitoka. Karakana zetu nyingi ziko wazi barabarani, na upepo wa mita 2 tu kwa sekunde unatosha kuipeperusha agoni, basi zungushia maturubai. Kati ya mkono mmoja na mwingine, chuma kipoe chini ya nyuzi 150.

Na nyuma ya mshono pia iwekwe agoni. Hapa ndipo bei inapopandishwa na hapa ndipo mafundi wengi hukata kona. Kwa bomba la kutolea maziwa la inchi moja na nusu, ziba ncha zote kwa utepe wa alumini, ingiza agoni kutoka chini na toboa kitundu cha kutokea juu, kwa kuwa agoni ni nzito kuliko hewa. Ujazo wa ndani ubadilishwe angalau mara 10 kabla ya kuwasha. Bomba la sentimita 30 lina ujazo wa kama theluthi moja ya lita, kwa hiyo dakika 2 kwa lita 5 zinatosha na kubaki. Wakati wa kuchomelea punguza ili gesi isisukume weldi nje. Kwa mshono wa mwili wa tangi, fundi atengeneze mfereji wa alumini wenye vitundu, aubandike nyuma ya mshono na kusogea nao. Weldi nzuri kwa nyuma ni ya rangi ya fedha au njano hafifu. Ikitoka bluu, agoni haikufika.

Onyo la kweli: mtu asiingie ndani ya tangi lenye agoni bila feni ya kuingiza hewa na mwenzake mlangoni. Agoni haina harufu, hujaa kuanzia chini, na mtu hupoteza fahamu kabla hajahisi kitu.

Kibo_Arabika (Moshi)

Wakuu, somo zuri. Kwa hayo madoa ya chuma cheusi kuna kipimo rahisi kwetu sisi wa kahawa: mrututu (salfeti ya shaba). Unayeyusha, unatia asidi ya salfuriki kidogo, unapaka kwenye stenlesi. Penye chembe za chuma shaba hujishikiza na kuonekana nyekundu kwa dakika chache. Naona ungemwonyesha Mama_Kopo eneo lote lililoambukizwa.

Kuhusu floraidi, nafikiri inasingiziwa. Kwa viwango vya maji ya kunywa, hata haya ya Meru, mharibifu wa stenlesi ni kloraidi. Mwongozo unaotumika sana ni miligramu 200 kwa lita kwa 304 na 1,000 kwa 316, daraja jingine la stenlesi, maji yakiwa ya baridi na yasiyo na asidi. Sababu ya 316 kuhimili zaidi ni molibdenamu asilimia 2 hadi 3. Peleka maji maabara, ulizia kloraidi, usiulizie floraidi peke yake.

Fundi_Njiro

Kibo_Arabika, kipimo cha mrututu ni cha kweli, ila viwango vya usafishaji wa stenlesi vinakikataza kwenye nyuso zinazogusa chakula, na maziwa ni chakula. Nje ya tangi sawa. Ndani tumia maji tu: lowesha uso kwa maji safi, uache ukiwa na unyevu kwa saa 24, kisha angalia. Chembe ya chuma itajitaja kwa doa la kutu, na hujaingiza sumu yoyote.

Kuhusu kloraidi umesema kweli, na mama ameitaja mwenyewe bila kujua. Jik inayolala usiku kucha! Hata kama kisima ni kisafi, hipokloraiti iliyomo kwenye jik inashambulia utando wa kromiamu moja kwa moja na kuacha kloraidi nyuma, na mahali pa kwanza kutoboka ni zile kanda za weldi ambazo tayari ni dhaifu. Klorini ya kuulia vijidudu isizidi miligramu 200 kwa lita, maji ya baridi, isikae zaidi ya dakika 20, kisha suuza kwa maji mengi na uache tangi wazi likauke. Usiku tangi lilale kavu. Kubadilisha hili peke yake kutapunguza kasi ya kutu hata kabla hujagusa weldi.

Mama_Kopo (Usa River)

Asanteni sana, Mungu awabariki. Jik ya usiku inakoma leo.

Nabaki na mambo mawili. Fundi ana asidi ya betri na ile asidi kali ya kusafishia vyoo, anasema mojawapo itatoa rangi za weldi. Na kwa tangi jipya anapendekeza miguu ya bomba la galvanaizi kwa kuwa halishiki kutu. Nimruhusu?

TochiBaridi (Sombetini)

Galvanaizi hapana, mama, na si suala la kutu tu. Galvanaizi ni chuma kilichopakwa zinki, na zinki inayeyuka kwenye nyuzi 419 na kuchemka kwenye 907, stenlesi bado haijafika hata kuyeyuka. Zinki ya maji ikigusa stenlesi yenye joto kali na iliyobanwa, huingia kwenye mipaka ya punje na kuipasua. Nyufa zinaweza kuwa ndani usizione mpaka tangi lijae. Hata rangi ya zinki iliyorukia shiti ina hatari hiyohiyo, isafishwe kabla ya kuchomelea. Halafu moshi wake unampa fundi homa ya jioni. Maziwa ambayo mafundi hunywa hayazuii homa hiyo, kinachozuia ni kukaa upande unakotoka upepo na barakoa ya moshi wa metali.

Miguu iwe hivi: kata viraka vya 304 vya milimita 3, pembe ziwe za mviringo, vichomelewe kwenye tangi kwa TIG na ER308L, mshono uzunguke wote bila kuacha nafasi. Weldi ya kurukaruka huacha mwanya unaovuta maji nyuma ya kiraka. Acha kitundu kidogo chini cha kupumulia wakati wa kuchomelea, kisha ukizibe. Mguu wa chuma cheusi uchomelewe kwenye kiraka, usiguse tangi, kwa E309L ya 2.5, ampea 55 hadi 80. Ondoa slagi yote, paka praima na rangi kwenye mguu, juu ya weldi, na uendelee sentimita 3 au 5 juu ya kiraka. Usipake chuma cheusi peke yake na kuacha stenlesi wazi: rangi ikichubuka kidogo, stenlesi yote iliyo wazi itakusanya nguvu yake kwenye hiyo sehemu ndogo na kuila haraka.

Fundi_Njiro

Asidi ya choo ni haidrokloriki, yaani kloraidi tupu. Inang'arisha leo na kutoboa kesho, isiingie kwenye tangi kamwe. Ya betri ni salfuriki. Hutumika viwandani ikiwa imechanganywa na vitu vingine kwa vipimo, lakini ya chupa ya betri mkononi mwa fundi itakula chuma na kuacha ngozi mbaya.

Dawa kamili ya kuondoa rangi pamoja na ngozi maskini ni mchanganyiko wa asidi ya nitriki na hidrofloriki, huuzwa kama uji mzito wa kupaka kwenye mshono, ikakaa muda ulioandikwa kwenye kopo, ikasuguliwa kwa brashi ya plastiki na kusuuzwa. Hiyo hidrofloriki ni ya kuogopwa: hupenya ngozi bila maumivu ya mwanzo na kushambulia kalsiamu ya mwili hadi kwenye mfupa. Kama hakuna glovu ndefu, miwani, mfuniko wa uso, jeli ya kalsiamu glukoneti mezani, na chokaa ya kuzimulia maji machafu, usiiguse.

Kwa kituo chako nashauri njia ya mkono. Ondoa maziwa na vifaa vyote, tumia diski za tabaka zilizoandikwa INOX (yaani stenlesi), mpya, ambazo hazijagusa chuma cheusi. Anza na namba 80 kwenye ukoko na rangi nzito tu, kisha 120, 240, malizia 400, kwa kugusa kidogokidogo. Ukikandamiza hadi chuma kiwe bluu, umetengeneza rangi mpya ya joto kwa grainda. Kila namba ifute kabisa mikwaruzo ya iliyotangulia, maana ndani ya chombo cha maziwa ukwaru haupaswi kuzidi maikromita 0.8, na mikwaruzo ya namba 80 iliyoachwa hushika uchafu na kutu. Vitundu virefu visivyoisha kwa kusugua vijazwe kwa TIG na ER308L, agoni nyuma, halafu visuguliwe tena.

Osha mafuta kwa sabuni, suuza. Yeyusha asidi ya sitriki ya unga, gramu 100 kwa kila lita ya maji ya nyuzi 50 hadi 60, paka au zungusha ndani, uso ubaki umelowa dakika 20 hadi 30. Sitriki inaondoa chembe za chuma na kuupa utando nafasi ya kujijenga. Haiondoi rangi ya joto, ndiyo maana kusugua kunatangulia. Suuza hadi maji yanayotoka yasiwe na uchachu wowote kwenye karatasi ya kupimia, kausha, kisha fanya kile kipimo cha saa 24.

Weldi za E6013 zisagwe zote hadi ziishe, zisifunikwe kwa weldi nyingine juu yake.

Na kabla ya kulipia shiti za tangi jipya dai cheti cha kiwanda chenye namba ya mkupuo wa kuyeyushia chuma (heat number) inayolingana na iliyochapwa kwenye shiti. Agiza 304L; maji yakirudi na kloraidi nyingi, 316L na waya wa ER316L. Sumaku isikudanganye: stenlesi ya daraja la 430 itanaswa, lakini ya 201, yenye manganizi nyingi na nikeli kidogo, hainaswi kama ilivyo 304, na ndiyo inayouzwa sana kwa jina la 304.